Pasipoti Zilizotoweka Jumamosi

Saa kumi alasiri Ylva alivuta droo ya kando ya kitanda akakuta soksi tupu. Mkononi alikuwa na simu. Alitaka kuthibitisha safari ya kesho asubuhi, na simu ilikuwa ikisubiri namba za pasipoti. Saa tatu asubuhi, kabla hawajatoka kwenda kuangalia ngome ya Edinburgh, pasipoti nne zilikuwa humo: yake, ya mumewe Jonatan, ya Tyra mwenye miaka saba na ya Vidar mwenye miaka miwili. Sasa hakukuwa na hata moja.

Ya tano, ya mama mkwe wake Solveig, ilikuwa salama mfukoni mwa mwenyewe. Solveig alikuwa mpelelezi wa polisi huko Göteborg, Uswidi, mpaka alipostaafu, na hakuwa mtu wa kuamini droo.

"Ni yule mama wa usafi," Ylva alisema. "Sisi tulikuwa nje, yeye akaingia kubadilisha taulo. Nani mwingine ana ufunguo?"

"Tafuteni kwanza," Solveig alisema.

Wakapekua nyumba nzima ile ya kupanga. Jonatan alimwaga mabegi sakafuni, Ylva akainua magodoro, akakung'uta hata mfuko wa nepi. Tyra hakushughulika nao. Alikuwa amejikunyata kwenye kochi, amepakata mfuko wake wa karatasi wa pipi walizonunua uwanja wa ndege jana. Kwao Uswidi pipi ni za Jumamosi. Siku nyingine mtoto hata agaegae sakafuni hapati kitu, lakini Jumamosi mfuko ni wake na hakuna wa kumuuliza. Vidar alikuwa amemaliza zake kabla ya chakula cha mchana na midomo yake ilikuwa bado myekundu.

"Moja tu!" Vidar alilia.

"Zako umekula. Usiguse!"

"Tyra, mpe mdogo wako moja," Ylva alisema huku akipekua makoti.

"Sitaki!"

Hawakupata kitu. Ylva alikuwa ameshamwandikia mwenye nyumba, naye akajibu kwamba anamleta mfanyakazi wake hapo hapo ajieleze, na kama ameiba asahau kazi. Nusu saa baadaye yule mama wa usafi, Bi Geddes, alisimama mlangoni peke yake, koti linachuruzika maji ya mvua ya Edinburgh, uso umemwiva kwa hasira.

"Mwenye nyumba anasubiri kwenye gari," alisema. "Haya, nipekueni. Miaka yote nasafisha nyumba za wageni, sijachukua hata kijiko. Nikiondoka hapa nimeitwa mwizi, nani atanipa ufunguo wake tena?"

"Uliingia saa ngapi?" Solveig aliuliza kwa Kiingereza chake kigumu.

"Saa nne. Nikatoka kabla ya saa nne na nusu."

"Ulifika wapi?"

"Bafuni. Taulo ziko bafuni, mama, unataka nifike wapi?"

"Viatu ulivua?"

Bi Geddes alimtazama kama aliyeulizwa kama alivua nguo. "Nivue viatu kazini? Kwa nini?"

Solveig alitazama chini. Zulia la nyumba ile lilikuwa la rangi ya maziwa, kosa la mwenye nyumba asiyejua watoto. Kutoka mlangoni hadi bafuni kulikuwa na nyayo za buti zilizokauka, zikaenda na zikarudi. Jonatan alizilalamikia tangu walipoingia saa sita ili Vidar apate kulala. Kuelekea chumba cha kulala zulia lilikuwa safi kabisa.

"Aliyefungua droo alikuwa na soksi," Solveig alisema kwa Kiswidi. "Mwizi wetu alivua viatu mlangoni, kwa mazoea tu."

Pale mlangoni, kwenye gazeti, vilipangwa viatu vya familia moja.

"Basi ni wewe," Ylva alimwambia mumewe taratibu.

"Mimi? Mchana nilikuwa jikoni napika makaroni! Wewe ndiye uliyekuwa chumbani unamlaza mtoto."

"Kwa hiyo nimejiibia mwenyewe?"

"Jonatan," Solveig alisema, "jana ulilala kwenye kochi. Kwa nini?"

"Vidar anapiga mateke." Akajikuna sikio. Tangu utotoni, akidanganya lazima ajikune sikio, na mama yake alilijua hilo. Akakumbuka kwamba tangu jana hawa wawili walikuwa wakizungumza kupitia watoto: mwambie baba alete maji, muulize mama koti liko wapi. Alidhani ni uchovu wa safari. Sasa alimshuku mwanawe, akamshuku mkwewe, na alijichukia kwa kuwashuku.

"Naita polisi," Jonatan alisema.

"Ngoja," Solveig alisema. "Bi Geddes, tafadhali kaa. Nashuka kuongea na mwenye nyumba, nimwambie wewe huna hatia."

Alikwenda mlangoni kuvaa viatu. Viatu vyake vilikuwa chini ya buti nyekundu za mpira za Tyra, na alipoisogeza moja ikatoa sauti ya kitu kinachogongana ndani. Akatia mkono. Zilikuwa pipi nyeusi za Kiswidi zenye ladha ya chumvi, zile Tyra azipendazo kuliko zote, zimejaa mpaka kisiginoni.

Solveig alibaki amechuchumaa na buti mkononi. Mtoto wa Kiswidi hazitupi pipi zake, tena Jumamosi. Asubuhi mvua ilikuwa ikinyesha na buti hizo zilikuwa miguuni mwa Tyra, kwa hiyo pipi ziliingia humo baada ya saa sita. Na kama pipi zote ziko ndani ya buti, kwenye ule mfuko uliopakatwa kutwa nzima kuna nini?

Alirudi sebuleni akakaa sakafuni, mbele ya kochi.

"Tyra, pipi zina ladha gani leo?"

"Nzuri."

"Nionjeshe moja."

Mtoto aliukumbatia mfuko zaidi. Solveig aliweka buti kwenye zulia, na Tyra akaitazama, kisha akaukunjua mfuko. Pasipoti nne zikateleza mapajani mwake, zimepakaa sukari.

"Mungu wangu!" Bi Geddes alisema.

"Tyra!" Ylva alipaza sauti. "Unajua umefanya nini? Huyu mama alikuwa afukuzwe kazi!"

"Usimfokee," Solveig alisema. "Mjukuu wangu, ulitaka nini na pasipoti?"

"Bila hizo ndege haitupokei. Mama alisema, tulipokuwa tunakuja." Machozi yalimtiririka lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyefikiria vizuri. "Halafu alidhani nimelala. Akamwambia baba, tukifika nyumbani uhame. Na baba akasema sawa. Basi nikaona tusifike nyumbani."

Jonatan aliinama kama aliyepigwa. Ylva alikaa kwenye mkono wa kochi. Solveig aliwahoji majambazi na wakasema. Mwanawe mwenyewe hakumwambia hili, na lilimuuma.

Bi Geddes hakujua Kiswidi, lakini alikuwa na akili ya kutosha. Alichukua koti lake. "Nitamwambia zimeonekana," alisema, na mlangoni akapita kwa kunyata, kana kwamba kuna mgonjwa. Solveig alimfuata mpaka ngazini akamwomba radhi kwa niaba ya wote.

Aliporudi, Jonatan alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yake.

"Ni kweli," alikuwa akisema. "Nitahama. Lakini sitakuacha wewe. Siku nyingine utakuwa kwangu, siku nyingine kwa mama."

Tyra alifuta pua kwa mkono.

"Na Jumamosi?" aliuliza. "Jumamosi nitakula pipi kwa nani?"

Jonatan alimtazama Ylva, na Ylva akamtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu waondoke Göteborg. Hawakuwa wamelipanga hilo.