Mkanda wa Nne

Visa vya namna hii kwa kawaida humpata jirani wa shemeji ya mtu. Hiki kilinipata mimi, saa nne asubuhi, jua likiwaka, nikiwa na shahada yangu na akili zangu timamu.

Tulikuwa tunalivuta gari la mashindano la kaka yangu, yeye akiendesha pikapu, mimi pembeni. Gari lilikaa juu ya trela, limefungwa kwa mikanda minne, mmoja kila gurudumu. Utaratibu alituachia fundi wetu, mzee tuliyemwita Vidole Tisa, maana kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilibaki kwenye feni ya injini fulani zamani. Baada ya kilomita chache mnasimama, kwa sababu mzigo ukishatikisika mikanda hulegea. Mtu anashuka, anazunguka, anaupiga kila mkanda makofi mawili na kusikiliza. Uliokaza hulia kama ngoma. Uliolegea hukaa kimya.

Mwaka jana mzungukaji nilikuwa mimi. Mvua ilikuwa imenyesha, na nilivaa viatu vyeupe, vipya. Nilipiga mitatu. Wa nne, wa nyuma kulia, ulikuwa upande wenye tope. Nikasimama pakavu, nikasema, "Nne, tayari."

Kwenye mteremko gari liliteleza, trela likayumba, tukaishia mtaroni. Hatukuumia. Kaka alimgeukia Vidole Tisa, aliyeifunga mikanda ile, mbele ya watu, akamwambia mikono yake imezeeka, asiguse tena gari lake. Mzee alinitazama mara moja tu. Nami nikainama kupangusa viatu.

Miezi mitatu baadaye alikufa kwa maradhi yake. Kaka hakwenda kuzika. Mimi nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa, na mjane akanishukuru kwa moyo wangu mzuri.

Basi asubuhi hiyo tulisimama, nikashuka, nikapiga yote minne. Yote ililia. Tukaondoka.

Hatukufika mbali. Nyuma yetu, pa-pa.

Kaka akapunguza mwendo. Pa-pa, upande wa pili. Pa-pa, nyuma kushoto.

Kisha kimya.

"Umesikia?" akanong'ona. Ni mtu anayecheka ajali zake mwenyewe, na alikuwa ananong'ona.

Nikashuka. Barabara tupu, kavu, vumbi tu. Mikanda mitatu imekaza. Wa nne ulining'inia, ndoano ikicheza hewani. Niliukaza mpaka viganja vikauma.

Tukaondoka. Pa-pa. Pa-pa. Pa-pa.

Kimya.

Nikashuka tena. Umelegea. Safari hii ulikuwa umelowa.

Nilirudi kwenye kiti nikafunga mlango. Kaka alitaka kujua kama kikazio cha mkanda kimekufa, kama tuna mkanda wa akiba. Mbele yetu mteremko ulikuwa unaanza. Ule ule.

"Kaka," nikasema. "Siku ile wa nne sikuugusa."

Akaniangalia.

"Ulisema tayari."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na sababu.

"Viatu," nikasema.

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Alishika usukani kwa mikono miwili. Halafu akasema polepole, kama anayejisomea, "Nikamfukuza mzee wa watu."

Nyuma kulia. Pa-pa.

Mlio wa ngoma.

Hatukushuka. Tuliteremka mteremko ule mwendo wa kobe, na trela halikutikisika hata kidogo. Tulipofika uwanjani tuliuendea mkanda wa nne pamoja. Umekaza kama waya. Juu yake kulikuwa na alama ya kiganja cha tope, mkono wa kulia. Nilihesabu vidole, nikarudia. Vinne. Kaka akavua kofia.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mjane. Nilikwenda naye, nikasema yangu. Mama yule hakunishukuru tena.

Bado mimi ndiye mzungukaji. Kaka hunifuata nyuma, akigusa upya kila nilichogusa. Ule mkanda tumeshauosha, tumeuanika juani, alama haitoki. Yeye akiupiga, kiganja chake hubaki kikavu.

Changu hutoka na tope bichi.