Visu Viwili vya Rabab

Kwaru, kwaru, kwaru. Alfajiri haijaingia, na jikoni kwa Insaf visu viwili vilikuwa vinasuguana. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo: kisu hunolewa kwa kisu mwenzake. Vyote viwili vilikuwa butu, na vilizidi kuchakaa. Lakini mlio ule ulimpa moyo kwamba kazi imeanza.

Siku hiyo kazi ilikuwa kubwa. Wifi yake, Fawkiya, angekuja kula mchana, na Insaf alitaka kumpikia kabichi za kujaza wali. Baada ya chakula wangepanga vyombo vya harusi. Rabab, binti yake Insaf, alikuwa karibu kuolewa.

Pale Tanta, mji wao, vyombo vya jikoni huletwa na upande wa bibi harusi. Siku ya kuvihamisha hupakiwa kwenye gari la wazi, vikapitishwa mtaani kwa ngoma na vigelegele. Majirani hutoka vibarazani kuvitazama. Mama mkwe naye huvikagua kimoja kimoja.

Fawkiya alikuwa ameshasema lake. Binti yake yeye alipelekewa sanduku la visu vyenye mipini ya rangi ya dhahabu. Vilikuwa vingi hata mama mkwe alichoka kuvihesabu. Tangu siku hiyo Insaf hakulala vizuri. Aliapa moyoni kwamba mwanawe hatachekwa. Sanduku kama lile alikuwa ameliona dukani, na akiba yote iliyobaki aliitengea hilo.

Alichukua kitunguu. Akakandamiza kisu. Kisu kikateleza juu ya ganda, kikaingia kidoleni.

Rabab aliposikia mama yake akiguna, alikimbilia ngazini kumwita Mama Girgis. Huyu alikuwa jirani wa ghorofa ya juu. Kwa miaka mingi alikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda cha nguo, na sasa alikuwa amestaafu. Alishuka na nguo ya kulalia, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna. Aliosha kidole, akakifunga kwa kitambaa safi, akakibana mpaka damu ikasimama. Kisha, kabla ya neno lolote, aliinama akafuta damu sakafuni, ili Rabab asiendelee kuitazama.

"Keti," akamwambia Insaf. "Leo wewe ni mgeni."

Akamtuma Rabab amletee kisu chake mwenyewe kutoka juu. Alipokipata, kitunguu kile kile kikawa vipande vyembamba, bila kusukuma kisu.

"Lakini vyangu nimevinoa sasa hivi," Insaf alilalamika.

"Hukuvinoa, Mama Rabab. Umevigombanisha."

Insaf alicheka, ingawa kidole kilikuwa kinamuuma. Mama Girgis akaendelea kukata huku akieleza. Watu wengi huogopa kisu kikali, alisema, wakati kisu butu ndicho kinachokata mikono.

"Kisu kikali kinakwenda unakokituma. Butu lazima ukisukume. Kikiteleza, nguvu zako zote zinaishia kidoleni."

Insaf akasema hilo halitampata Rabab. Yeye atapelekewa visu vya maana. Akaeleza habari ya sanduku lile, mipini yake na mng'ao wake. Mama Girgis akafuta kisu chake. Kisha akauliza kuhusu sanduku lililokuwa kwenye kabati la vioo, sebuleni. Lilikuwa sanduku la harusi ya Insaf mwenyewe. Halikuwahi kutumika.

"Hivyo ni vya wageni," Insaf akasema.

"Wageni gani hao wanaokuja kukata vitunguu kwako?"

Rabab aliziba mdomo asicheke. Lakini alikwenda akalileta sanduku. Mama Girgis akamwomba Insaf achague kisu anachokipenda, akate nyanya. Insaf akachagua kikubwa, chenye nakshi. Kiliteleza juu ya ganda la nyanya. Alipokandamiza, bapa lilipinda kama jani, na mpini ukazunguka mkononi. Nyanya ikapasuka, maji yakamwagika mezani.

Insaf alikitazama kisu kile. Kila Alhamisi, miaka yote, alikuwa analifuta sanduku vumbi. Alidhani ametunza mali. Mama Girgis hakucheka. Alikusanya nyanya iliyopondeka, akaitia kwenye sufuria ya mchuzi, akasema hakuna kilichoharibika.

"Basi nifundishe," Insaf akasema. "Mwanangu hatakwenda kwa watu na sanduku la vumbi."

Mchana Fawkiya alikuja, wakala kabichi, wakapanga vyombo. Kesho yake Insaf, Rabab na Mama Girgis wakaenda sokoni. Mwenye duka alikuwa mcheshi. Alipowaona tu, akashusha sanduku la dhahabu. Insaf alilitazama, kisha akalirudisha kwa mkono wake usio na kitambaa. Akaomba visu vya kazi.

"Kwanza tujue mnapika nini," Mama Girgis alikuwa amewaambia njiani. Nyama wanakatiwa na mchinjaji. Mkate wao wanaupasua kwa mkono, basi kisu cha mkate chenye meno ni cha nini? Kinachobaki ni vitunguu, nyanya, mboga za majani, na kuku mara moja moja. Kwa kazi hiyo kisu kimoja kikubwa kinatosha, na kimoja kidogo cha kumenyea.

Mwenye duka alitandika visu mezani. Mama Girgis alimwachia Rabab avishike, yeye akawa anauliza tu. Je, mpini unaujaza mkono? Unateleza ukiwa na maji? Rabab alilowanisha kiganja akajaribu. Je, chuma cha kisu kinaingia ndani ya mpini mpaka mwisho? Wakageuza visu, wakatazama mgongo wa mpini. Katika vingine chuma kilionekana kimepita chote, kimefungwa kwa misumari iliyolala sawasawa. Vile ambavyo chuma chake kiliishia mwanzoni mwa mpini waliviweka kando, maana hivyo ndivyo huchomoka. Vyenye ufa kati ya chuma na mpini pia waliviacha, kwa kuwa uchafu huingia humo. Mwisho Rabab akafumba jicho moja, akatazama makali kwa urefu wake kuona kama yamenyooka.

Mwenye duka akaleta kisu cha bei kubwa, akasema ndicho wanachotumia wapishi wa hoteli. Rabab alikishika. Kilikuwa kizuri, lakini kizito. Mkono wake ulichoka upesi. Alikirudisha, akachagua cha bei ya kati, chepesi, chenye mpini mweusi usio na pambo.

"Hiki," akasema. "Kama nimekizoea tayari."

Wakachukua na kidogo chake, kinoo cha kunolea, na ubao wa kukatia. Fedha ikabaki, wakanunua sufuria nzito.

Jioni Mama Girgis aliwafundisha kunoa. Alilowesha kinoo majini, akakiweka juu ya kitambaa kisicheze. Akalaza kisu, akainua mgongo wake kidogo tu. Akakivuta polepole kutoka mpinini hadi nchani, upande huu, kisha upande ule, sawa kwa sawa. Akawaonya wasikatie juu ya marumaru wala sinia, kwa kuwa vinakula makali. Kisu kikitumika kioshwe, kikaushwe, kiwekwe mahali pake. Kisiachwe kwenye beseni la vyombo, mtu akaja akatia mkono.

Siku ya kuhamisha vyombo ikafika. Fawkiya alipekua maboksi moja baada ya jingine. Alipofika kwenye visu, akainua macho.

"Viwili? Unamwoza mtoto, au unampeleka kambini?"

Insaf aliona haya, lakini akamtazama machoni.

"Wifi, anakwenda kupika. Hafungui duka."

Fawkiya alibetua midomo. Hata hivyo, Insaf alimwona akivifunga visu vile ndani ya taulo nene, kila kimoja peke yake, ili visigongane njiani.

Wiki kadhaa baadaye Insaf na Mama Girgis walikwenda kumwona Rabab. Alikuwa anaishi ghorofa moja juu ya mama mkwe wake, Hajati Nabawiya. Njia nzima Insaf alijiuliza Hajati amesema nini kuhusu jiko la mwanawe. Alijiambia hata akisimangwa, hatainamisha kichwa.

Walimkuta Hajati jikoni kwa Rabab, ameketi mezani. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Alikuwa anakata giligilani kwa kile kisu cha mpini mweusi, taratibu, na majani yalianguka laini ubaoni.

"Mkwe, sikufichi," akamwambia Insaf walipokwisha salimiana. "Nilivihesabu. Nikasema moyoni, hawa watu wana mkono wa birika."

Insaf hakuinamisha kichwa.

Hajati akaeleza kwamba tangu viungo vianze kumuuma, aliacha kupika. Kusukuma kisu kulimtia maumivu mpaka begani. Alikuwa anakaa kando akiangalia wengine. Siku moja Rabab alitoka kunoa, akamwekea kisu mkononi bila kusema kitu, akasogeza kitunguu karibu.

"Kilikata chenyewe. Nililia, na mwanao akasema ni kitunguu. Anajua kusitiri mtu, huyu."

Walikula, wakanywa chai. Walipoaga, Hajati aliwasindikiza mpaka ngazini, akishikilia ukuta.

"Ijumaa ijayo mje tena," akasema. "Na wewe Mama Girgis, usikose. Vitunguu nitakata mimi."