Vichwa vya Ndagala

Jirani Olive anasimulia hivi. Wakwe walitoka Makobola mpaka Rugenge kumposa Belyse. Mama yake, Florentine, akawapikia ugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Walipofunua sahani wakakuta vichwa vitupu. Olive anasema vichwa vyote vilikuwa vinamwangalia baba mkwe.

Wageni walikula ugali mkavu, wakaaga mapema. Walisema watarudi Jumapili, mara ya mwisho.

"Mama, weye hutaki niolewe?" Belyse akauliza.

"Miye? Ninataka sana. Siko na hasira na muntu," Florentine akajibu. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka kinu kinaruka.

"Basi kinu kimekukosea nini?" Olive akasema mlangoni.

Olive akampeleka Florentine kituo cha afya, kwa Fanny, aliyesomea kusaidia watu wenye mawazo mazito.

"Mama, funga macho," Fanny akasema. "Uko unakata ndagala, wakwe wanangoja. Mwili unasikia nini?"

"Hausikii kitu."

"Pole pole. Meno? Tumbo? Koo?"

"Meno nimeyauma. Na koo... koo imefunga."

"Ilifunga hivyo siku gani?"

Florentine akafungua macho. "Siku tulimuzika baba yake Belyse." Machozi yakamtoka. "Kumbe ni huzuni. Belyse akienda, nitakula na nani?"

"Huzuni hiyo ndiyo ilipika," Fanny akasema. "Tusipojua hisia iko, inatumia mikono yetu. Sikiliza mwili, halafu uipe jina. Uliza inataka ufanye nini. Kama inataka uharibu, fanya kinyume. Inasema fukuza? Weye karibisha. Kisha sema kwa mdomo unachohitaji."

Jumapili, akikata ndagala, koo ikafunga tena. Florentine akaweka kisu chini, akapumua taratibu.

"Huzuni, nimekuona," akasema.

Olive akageuka kutafuta mgeni huyo.

Safari hii ndagala waliingia sahanini wazima. Baba mkwe akafunua kidogo, akachungulia, akafunua tena. Akacheka, akaomba ugali mwingine. Posa ikapokelewa.

Jioni mama na binti waliosha sahani.

"Mwanangu," Florentine akasema, "koo yangu inafunga nikifikiri utaenda. Ukiwa kule Makobola, uwe unakuja tule pamoja, hata siku moja moja?"

Belyse aliacha sahani ndani ya maji, akajishika koo. "Hata yangu imefunga, Mama," akasema.