Mutsinzi Alikata Jina la Mama Yangu

Nilirudi kutoka stoo nikakuta jina la mama yangu limekatwa kwa wino mwekundu...

Namba sita kwenye orodha ya dripu za kingamwili! Na aliyelikata ni Mutsinzi, nesi mwenzangu, jirani yetu hapa Nyamirambo, mtu niliyemwazima sufuria wiki ile ile.

Jamani, damu ilinichemka.

Niwaeleze. Wimbi la ugonjwa lilikuwa limetubana, na kituo chetu kilipewa dozi kumi tu kwa siku, za wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Sharti: zisipite siku saba tangu homa ianze. Orodha naandika mimi, Raihana.

Mama alikuwa kwenye benchi nje tangu asubuhi, anahema. Kwenye tarehe yake niliandika Jumatano.

Nikamvaa Mutsinzi mbele ya wagonjwa. Nikamwita muuaji. Nikasema nafasi ya mama kamuuzia tajiri.

Akanisubiri nimalize.

"Homa ya mama yako ilianza lini?"

"Jumatano. Hujui kusoma?"

"Siku ya umuganda mimi ndio nilikuwa naandika watu wa mtaa waliofika kazini. Nani alikuja kuniambia mama iko na homa, hawezi kushika jembe?"

Nilikuwa mimi...

Umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ulikuwa Jumamosi ya wiki ya juzi, si hii iliyopita. Leo Jumatatu. Siku ya tisa, na mimi nilijua.

Nikachungulia nje. Benchi lilikuwa tupu.

"Ambulansi imemchukua ulipokuwa stoo," akasema. "Nimempima, oksijeni iko chini sana. Hiyo dripu haingemsaidia kitu. Angengoja namba sita, angekufia hapo."

Nikafungua mdomo nimshukuru.

"Usinishukuru. Nimeshakuripoti kwa mkuu wa kituo."

Mama alilazwa wiki mbili, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mimi kazini sikurudi.

Mutsinzi hatusalimiani mpaka leo, na sufuria yangu hajarudisha. Simpendi, wala sitajifanya nampenda. Lakini kila mama akiniita nimletee chai, namkumbuka yeye.

Wewe unayesoma hii ukiwa foleni ya hospitali, sema siku ya kweli. Mimi nilidanganya kwa kumpenda mama, na nilibakiza kidogo tu nimzike.