Amri Iliyofunga Maji

Kila asubuhi Neli alikanda udongo wa vyungu uani kwake, Ikombe, uso ameuelekeza ziwani. Ng'ambo, nyuma ya ukungu, ndiko Ngonga. Huko alikuwako mwanawe Anyisile, msichana wa miaka mitano, aliyekwenda kwa bibi yake mzaa baba kula wali wa mpunga mpya. Alikwenda kwa wiki mbili. Sasa ilitimia miezi saba.

Ndui ndiyo iliyowatenga. Ilipozuka Ngonga, boma la Wadachi lilitoa amri: mtumbwi wowote usivuke. Watu wa Ikombe walitii, maana miaka ya nyuma ndui iliwazika wengi. Vyungu vikarundikana bila mnunuzi. Lakini kilichomtesa Neli si vyungu. Sauti ya mwanawe ilikuwa imeanza kumpotea masikioni. Na akipakua chakula, mkono wake ulitenga sehemu ya Anyisile kabla hajakumbuka.

Mara tatu alimwendea Jumbe Enoki, aliyeisimamia amri ile. Mara tatu jumbe alimjibu kwamba amri ni amri, naye hataki kuchapwa viboko.

Mwishowe Gideoni, mumewe, akasema watavuka kwa siri. Siku hiyohiyo akafika Tuntufye, mchanja ndui aliyefundishwa misheni, akipita kwa kibali cha boma. Alipomchanja Neli, aliona machozi yake, akadhani ni maumivu ya mkono. Neli akamweleza yote.

"Msivuke kwa siri," Tuntufye alisema. "Ndui si mchezo. Lakini amri ya kuwafunga watu huwa na sababu, tena huwa na mwisho. Mliisikia ikisomwa?"

Hakuna aliyewahi kuisikia ikisomwa; tarishi aliyeileta alisema tu kwamba maji yamefungwa.

Wakaenda pamoja kwa jumbe. Karatasi ikatolewa sandukuni, ingali imekunjwa. Jumbe hakujua kusoma, na aibu hiyo aliificha miezi yote. Tuntufye akasoma taratibu: mitumbwi isivuke mpaka zipite siku arobaini tangu mgonjwa wa mwisho kupona.

"Mgonjwa wa mwisho wa Ngonga nilimtazama mwenyewe," akasema. "Amepona miezi mitatu sasa. Jumbe, amri hii imekwisha. Unayoishika ni hofu yako."

Jumbe aliinama. Kisha akaomba iandikwe barua, boma lithibitishe, asije akaadhibiwa. Tuntufye akaandika. Neli akatia alama ya msalaba chini yake. Siku ya tisa jibu likaja: maji yafunguliwe. Tangu hapo, watu wa Ikombe wakiletewa amri huomba isomwe mbele ya wote, na huuliza imewekwa kwa nini, na itakwisha lini.

Gideoni alipiga kasia tangu alfajiri. Walipofika Ngonga, mtoto alikuwa amerefuka na meno mawili yameng'oka. Neli alimwita kwa Kikisi, lugha ya kwao Ikombe. Anyisile akajificha nyuma ya bibi yake, akamwuliza kwa Kinyakyusa mgeni huyu ni nani.

Neli hakulia. Alimshukuru mama mkwe wake kwa kumlea mtoto, "Ndaga," kisha akaketi mchangani, mbali kidogo, akangoja. Mtoto akachungulia. Akasogea hatua mbili, akasimama. Baadaye akaja kuketi, si karibu sana. Neli hakunyoosha mkono.

Kabla jua halijashuka, goti la mtoto lilikuwa limegusa lake.