Kitambaa cha Delia Kerrigan

Kila alasiri Maura Garvey alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtengenezea bibi yake chai nzito ya maziwa. Kazi ya pili ilikuwa kumsomea gazeti, kwa maana macho ya Bibi Nora yalikuwa yamefifia. Habari za vita zingengoja, na za mpira pia. Bibi alitaka kwanza matangazo ya vifo, ajue ni nani amefariki hapa Holyoke, mji wa Amerika wenye viwanda vingi, alikuwa wa parokia gani, na amewaacha akina nani.

"Mama anatafuta jina lake mwenyewe humo," baba yake Maura alizoea kumtania.

"Likiwemo mniambie mapema," Bibi alimjibu, "nisijisumbue kumenya viazi."

Jumapili moja baada ya Krismasi, Padri alitangaza jambo lililomfanya Bibi Nora aache kuhesabu rozari yake. Nyuma kabisa ya makaburi ya parokia, karibu na ua, kulikuwa na sehemu ya nyasi tupu. Hapo walilala wanawake wa vyumba vya matambara, ambao hakuna aliyeweza kuwanunulia jiwe. Enzi zao viwanda vya karatasi vilitengeneza karatasi kwa nguo kuukuu. Wanawake hao walisimama kutwa nzima wakikata vifungo na kuchana mishono, huku vumbi likiwaingia kifuani. Sasa parokia ingewasimamishia jiwe moja lenye majina yao wote. Ila kila jina lilipaswa kuonekana kwanza katika kitabu cha mazishi, na orodha ingefungwa siku ya kubariki mishumaa, mwanzoni mwa Februari.

Mama yake Bibi Nora, Delia Kerrigan, alikuwa mmoja wao. Alitoka Ireland akiwa msichana, akafanya kazi za ndani katika nyumba za matajiri, kisha akaolewa na kuingia kiwandani. Alifariki Nora akiwa na miaka tisa.

Siku ile walipofika nyumbani Bibi hakuvua hata kofia yake. Alikaa jikoni na kusema, "Mume wangu ana jiwe. Dada zangu wana mawe. Mama yangu amelala pale kama mtu aliyedondoka njiani. Nikijua jina lake limechongwa, hata nikiitwa kesho nitakwenda."

"Nitalitafuta mimi, Bibi," Maura alisema. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na akishasema neno, alikuwa mgumu kama msumari uliopigwa kwenye mwaloni.

Vitabu vya parokia vilitunzwa na Sista Columba, mtawa mrefu ambaye hakupenda mikono michafu wala haraka. Alimpeleka Maura kwenye sinki anawe, akamketisha mezani, kisha akampa sheria yake. Alimwambia kwamba jina ni shahidi mmoja tu, na Maandiko yanataka mashahidi wawili au watatu. Akina Kerrigan walikuja Amerika wengi kama mvua. Kwa hiyo baada ya jina amtazame mume, na baada ya mume atazame mahali mtu alikozaliwa. Wote wakikubaliana, ndipo aandike.

Maura alijua alichokuwa akitafuta. Mume wa Delia aliitwa Austin, na kwao kulikuwa Mayo, huko Ireland. Zaidi ya hapo hapakuwa na msaada, kwa sababu Bibi Nora alizaliwa mji mwingine, na kanisa alikobatizwa liliungua pamoja na vitabu vyake.

Kila siku, baada ya chai na gazeti, alirudi kwenye meza ile. Mapadri wa zamani waliandika kwa Kilatini, kwa mwandiko uliolala kama nyasi baada ya upepo. Maura alijifunza kuusoma neno kwa neno. Katika mwaka aliofariki mama yake Bibi, alikutana na akina Kerrigan wengi. Alimwona Patricius, akamwona Honora, akamwona Brigida, na kitoto kimoja kisichokuwa na jina. Delia hakumwona. Alirudia ukurasa baada ya ukurasa, na bado hakumwona.

Habari hiyo haikukawia kufika shuleni. Sheila Prendergast, ambaye babu yake alikuwa na duka la viatu barabara kuu, alimngoja Maura mlangoni wakati wa mapumziko.

"Kwani mmempata yule bibi wa matambara?" aliuliza, akihakikisha wenzake wanasikia. "Mimi naona hakuwepo kabisa. Bibi yako mwenyewe walimwokota kwenye kapu, katikati ya suruali kuukuu."

"Na wewe walikuokota kwenye boksi la viatu," Maura alimjibu, "ndiyo maana unanuka gundi."

Watoto walicheka, lakini Maura alikwenda darasani masikio yakimwaka. Alijiapia kwamba jina lile atalipata, litake lisitake.

Orodha ilipokaribia kufungwa, aliliona. Lilikuwa mbele kidogo, mwaka mwingine, nalo lilisomeka Cordelia Kerrigan. Mtu anayeitwa Cordelia si ndiye anayeitwa Delia kwa kifupi? Alisogeza kidole kwenye mstari. Mume alikuwa Michael. Alikozaliwa kulikuwa Cork, upande mwingine wa nchi.

Maura alikaa na kidole chake pale. Pengine padri alikosea. Pengine Bibi, aliyekuwa mtoto wakati ule, hakumbuki sawasawa mwaka. Alijua kwamba maelezo hayo yalikuwa mepesi kama povu, lakini alimfikiria Bibi jikoni na kofia yake kichwani, akamfikiria na Sheila pia. Akalinakili jina kwenye karatasi na kumpa Sista Columba.

"Na mashahidi wako?" Sista aliuliza.

"Ni yeye, Sista."

Sista alimtazama kwa muda, kisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni bila kuuliza zaidi.

Jioni ile Bibi Nora alilia, akacheka, akamtuma Maura kununua zabibu kavu za kutia kwenye mkate wa magadi, ambao kwa kawaida aliupika bila zabibu. Aliwagongea majirani wote wa jengo lao na kuwagawia vipande. Kila aliyekula aliambiwa kwamba mjukuu huyu ndiye aliyemtoa mama yake kwenye nyasi. Maura alipewa kipande kikubwa kuliko vyote. Alikitafuna na kukitafuna, lakini hakikumezeka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi, maana Bibi alianza kumtaja mama yake kwenye rozari ya jioni kwa sauti ya furaha, na Maura alipaswa kuitikia.

Ikafika jioni ya mwisho ya Januari, mkesha wa Mtakatifu Brigida. Kabla ya chakula Bibi alitoa kitambaa cheupe kwenye droo, akamwomba Maura afungue dirisha. Kila mwaka alikitundika nje usiku huo, kwa kuwa wazee waliamini kwamba mtakatifu hupita na kukibariki, na kitambaa hicho hufaa kwa maumivu ya kichwa na koo mwaka mzima. Baridi iliingia jikoni. Bibi alikuwa akihangaika kufunga fundo kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Mwaka huu nakitundika kwa furaha," alisema. "Namwona mama yangu kama yuko hapa."

Hapo Maura alishindwa.

"Bibi, sikumpata," alisema. "Yule niliyemwandika ni wa Cork. Mume wake ni Michael. Nilijua, na nikaandika hivyo hivyo."

Bibi Nora aliacha fundo. Alirudi taratibu mpaka kwenye kiti chake na kuketi. Maura alitamani apigiwe kelele. Badala yake Bibi aliuliza ni nani mwingine aliyejua, na kwa nini alifanya hivyo. Maura akamweleza yote, kuanzia Sheila na kapu la matambara hadi kofia ambayo Bibi hakuivua.

"Sikiliza, binti yangu," Bibi alisema mwishowe. "Huyo mwanamke wa Cork alikuwa na watoto wake. Huenda nao wana wajukuu wanaomtafuta. Tukimchukua sisi, wao watamkosa, na mama yangu atabaki palepale kwenye nyasi. Kesho utakwenda kwa Sista umwambie. Jiwe likikosa jina lake, basi likose. Mungu anamjua alipo."

"Nitakwenda," Maura alisema huku akifuta machozi kwa mkono wa sweta. "Ila sitaacha kutafuta."

"Sikukuambia uache. Hebu nifungie hili fundo, kabla hatujaganda."

Maura alifunga fundo. Alipokuwa akiteremsha dirisha, Bibi alianza kusimulia, kwa sauti ya mtu anayejisemesha. Mama yake hakukosa kutundika kitambaa hata mwaka mmoja. Siku hiyo tu ndiyo aliyokataa kushona viraka baada ya kazi. Aliwaambia watoto, "Niacheni leo, leo ni siku yangu," akapika mkate na kutia zabibu kavu.

Maura aligeuka. "Siku yake kivipi? Alizaliwa siku hiyo?"

"Hapana, alizaliwa wakati wa mavuno."

Kwetu Wakatoliki mtu ana siku mbili za kusherehekea: ile aliyozaliwa, na ile ya mtakatifu ambaye amepewa jina lake. Hakuna Delia katika watakatifu. Lakini aliyekuwa na sikukuu kesho yake ni Brigida.

"Bibi," Maura alisema polepole, "kwenye kitabu kuna Brigida Kerrigan. Mwaka uleule. Nimempita kila siku."

Bibi Nora aliweka mkono mdomoni. Kisha mambo yakaanza kumrudia, kama mtu anayevuta uzi na nguo nzima ikafuata. Wasichana wengi waliotoka Ireland kuja kufanya kazi za ndani waliitwa Bridget, ndiyo Brigida ya vitabu vya Kilatini. Mabibi wenye nyumba waliwafupisha wote wakawa Biddy, jina lilelile walilowaitia kuku wakati wa kuwamwagia punje. Alikumbuka shangazi mmoja akisema kwamba wasichana walichoka kuitwa kama kuku. Wakishuka melini Bridget, mwaka haujaisha wameshakuwa Delia. Lakini kanisani mtu alizikwa kwa jina alilobatizwa.

"Alilificha jina lake kwa sababu ya mizaha ya watu," Bibi alisema. "Maskini mama."

Asubuhi Maura alifika kwa Sista Columba kabla ya kengele ya shule. Hakusubiri kuulizwa. Alikiri juu ya Cordelia wa Cork, akaomba karatasi yake irudishwe. Sista aliitoa mfukoni, bado imekunjwa vilevile.

"Sikuipeleka kwa mchonga mawe," alisema. "Ulinipa jina bila mume. Nilikuwa nakungoja. Haya, nenda ukanawe mikono."

Walikifungua kitabu pamoja. Brigida Kerrigan alikuwa pale, mstari wa tatu kutoka chini. Mke wa Augustinus, ambaye Sista alisema ni Austin kwa Kilatini. Mzaliwa wa Mayo. Mahali pa kuzikwa, sehemu ya ua. Maura alisoma kwa sauti, shahidi wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Sista Columba hakumwacha aende bado. Aliinua ukurasa ule kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha alama hafifu ndani ya karatasi. Ilikuwa alama ya kiwanda kimoja cha hapahapa mjini, kilichokwisha kufungwa.

"Karatasi hii ni ya matambara," alisema. "Ndiyo maana haijageuka njano. Siwezi kukuambia ni mikono ya nani iliyoyachambua. Lakini ni ya wanawake wale."

Jiwe lilibarikiwa mwezi Mei, nyasi zilipokuwa zimechipua upya. Bibi Nora ndiye aliyeamua maneno, na hayakubadilishwa: Bridget Kerrigan, aliyeitwa Delia. Watu walipotawanyika kwenda kunywa chai, Maura alimwona Sheila Prendergast amebaki peke yake mbele ya jiwe. Kidole chake kilikuwa kimetulia juu ya jina moja katikati ya majina mengi, nalo lilikuwa la Prendergast. Sheila aligeuka, akaona anatazamwa. Maura alisogea pembeni kumpa nafasi.

Baadaye Bibi alikuja kwa mkongojo wake, akapitisha vidole kwenye herufi mpaka akaisikia B. Alitoa kile kitambaa cheupe mfukoni, akalifuta jiwe ingawa halikuwa na vumbi.

"Watu walimcheka kwa jina lake, akalitupa," alimwambia Maura. "Wakakucheka wewe kwa kazi yake, ukataka kuokota jina la mtu mwingine. Usimpe mchekaji nafasi ya kukuchagulia wewe ni nani. Na ukiutafuta ukweli ukachelewa, uendelee kuutafuta, usiuvalishe nguo ya jirani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi twende tukanywe chai. Halafu unisomee gazeti, sijui nani kafa."