Kipande cha Katikati

Mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuingia soko la Musoma, na watu walikuwa wanakanyagana. Nyangi, gauni la njano na raba nyeupe, alikuwa anafukua rundo la sketi akagusa kitabu. Mkono mwingine ukakiwahi.

"Dada, hiyo siyo sketi."

"Na wewe kaka, unavaaga vitabu?"

Huyo alikuwa Boniphace, mwalimu wa fasihi sekondari. Akamweleza kuwa wanafunzi wake husinzia akiwasomea riwaya za majumba na farasi. Hii ilitoka nchi ya baridi, lakini ndani mna wavuvi, mahari ya ng'ombe na baba mkali.

"Ni kama hapa kwetu Makoko kabisa," alisema, "ila kuna theluji."

"Chukua basi. Ila utanisimulia."

Boniphace akawa anamsimulia jioni ufukweni, kidogo kidogo, mpaka akaanza kumwita "theluji yangu."

Kitabu kilikuwa kimoja, darasa zima linakingoja. Boniphace akafanya kama walimu wengi wa miaka ile ya shida: akafumua mshono, akagawa vipande vizunguke. Wankyo, mdogo wake Nyangi aliyesoma darasa hilo, akaangukiwa na kipande cha katikati, kijana anapomtorosha mchumba wake usiku asitoe ng'ombe. Akakisimulia nyumbani huku anacheka.

"Ticha anasema hii ndiyo riwaya yetu."

Baba yao, mzee Keraryo, aliyekwisha kusikia habari za ufukweni, hakucheka. Kulipokucha Nyangi alipelekwa Bunda kwa shangazi. Huko akaenda posta, akampigia Boniphace simu shuleni.

"Boni, unataka kuniiba?"

"Nani kasema?"

"Kitabu chako. Mbona kipande hicho ulinificha?"

"Tulikuwa hatujakifikia, mpenzi."

"Ukija usiku nitapiga kelele." Akakata.

Boniphace akatuma wajomba zake kuomba siku ya kuja kuposa. Mzee akamrudisha binti asikie mwenyewe. Jumapili mchana, jua kali, mwalimu akaingia Makoko, nyumbani kwa mzee, na suti ya mtumba iliyopigwa pasi, wajomba nyuma yake.

"Mwalimu," mzee aliuliza, "yule msichana wa kitabuni aliishiaje?"

"Alijifungua peke yake, mzee. Hakuwa na mama wala shangazi wa kumkimbilia. Akafa na mtoto."

"Na hicho ndicho ukawachagulia mabinti zetu?"

"Kwa ajili ya mwisho wake. Wankyo hajaufikia. Mimi nimeufikia, ndiyo maana nimekuja mchana."

Nyangi akachungulia kutoka jikoni.

"Baba, chai ya wageni niweke sukari?"

Sukari mwaka ule haikuwekwa kwa kila mgeni.

"Weka," mzee alisema.

Basi, binti yangu unayenisikiliza, kipande cha katikati ni kitamu, hata mimi najua. Lakini anayekungoja gizani, muulize kwanza mchana alikuwa wapi.